Uzi wa Nne

Jumapili, 3 Novemba

Abigaëlle ameleta mpiga gitaa mwingine na hakuniuliza.

Nimefika mazoezini, nyuma ya depo ya Adrien, ghala lake la maharage na unga kule Annexe, pembeni mwa Lubumbashi, nikamkuta kijana amekaa juu ya gunia la maharage, gitaa jekundu mapajani, na Katungu anamcheka mpaka vijiti vya ngoma vinamponyoka. Huyu huyu Katungu, mpiga drams wetu, ambaye mimi nikisema la kuchekesha hupiga miayo. Léonard wa besi naye alikuwa ameshaanza kumwelekeza nyimbo zetu, yeye ambaye kwa kawaida hazungumzi mpaka aulizwe.

"Yaya Shafi," Abigaëlle akasema (yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa), "huyu ni Gradi, mutoto ya Ruashi kama weye. Atatusaidia mu tournée."

"Atatusaidia nini?"

"Guitare."

"Guitare iko."

"Ya pili, yaya. Rock na guitare moja, nani anafanyaka ile leo?"

Mimi. Mimi ndiye niliyeifanya tangu Fonderie iwe bendi. Kijana akasimama, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, adabu tupu. "Jambo, vieux." Vieux! Mzee! Nina miaka arobaini na moja na meno yangu yote.

Kisha ikaja habari yenyewe. Baada ya tournée, ile ziara yetu ya mvua hizi, kuna tamasha Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa nne, na wenyeji wanachukua watu wanne tu. Abigaëlle mwimbaji, ambaye pia ni mkuu wetu, Katungu, Léonard, na gitaa moja. "Ile ya guitare tutaiona ku mwisho ya mvula," Abigaëlle akasema, akaenda zake kutafuta maji ya kunywa. Marehemu baba yangu, fundi cherehani, alipiga gitaa Kitwe mara moja tu maishani mwake, na aliisimulia safari hiyo mpaka anaingia kaburini. Nimeingoja Kitwe tangu nikiwa mtoto ninayemshikia mkasi.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Gradi amefika mazoezini kabla yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Amefika tena kabla yangu.

Jumapili, 10 Novemba

Leo kajamaa kameniomba nikafundishe "Bati".

Niandike kwa nini roho inaniuma. "Bati" ni wimbo wangu. Ni mvua inayodondoka juu ya paa la nyumba, tone moja moja, kisha inamwagika yote, na mvua hiyo ni solo yangu. Mwishoni ninanyamaza kidogo, halafu ninatia tone moja la peke yake, lile linalobaki ukingoni mwa bati mvua ikishapita. Kabla ya solo Abigaëlle huniita, kama waimbaji wa kwetu wanavyowaita wapiga gitaa wao: "Shafi, sema!" Usipoitwa, hata upige namna gani, watu wanarudi nyumbani bila kujua wamemsikia nani.

Na siri ya sauti ile ni uzi wa nne. Ninautoa ule mnene, mahali pake ninatia mwembamba kama wa kwanza, ninaukaza mpaka ulie juu. Baba alinionyesha hivyo, gitaa limelala juu ya meza ya cherehani katikati ya vitambaa vya watu. Sijamwonyesha mtu yeyote. Nikishamaliza kupiga, gitaa linarudi kwenye mfuko wake palepale, na nyuzi za akiba ninazificha ndani ya soksi.

"Vieux, unioneshe ile sauti ya mvula," Gradi akasema. "Inatokaka wapi?"

"Mu mukono," nikamjibu. "Unapigia chini kabisa, fasi nyuzi zinafungiwa. Na kucha. Na nguvu."

"Na kucha?"

"Na kucha."

Akanitazama kidogo. "Merci, vieux."

Basi ameshinda anaparura kwa kucha. Ilitoka sauti ya kuku anayechakura sufuria. Léonard alicheka, Katungu akaziba masikio, mimi nikajitia hamnazo nikikunja waya zangu. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 23 Novemba, Likasi

Njiani malori ya madini yamejipanga mpaka macho yanachoka. Adrien, kaka yake Katungu, ndiye anayetuendesha kwa gari lake la kubebea unga, na nguo zetu zote za jukwaani zimekuwa nyeupe. Hayo si kitu. Kitu ni kwamba Abigaëlle amemwita.

Ilikuwa wimbo wa pili tu. Nilikuwa ninajiandaa, kidole kiko tayari, nikasikia: "Gradi, sema!" Akasema kweli, mshenzi. Wasichana wa mbele wakalidaka jina wakaanza kuliimba, Gra-di, Gra-di. Jina fupi, linaimbika. Shafi nalo ni fupi, lakini hakuna aliyejaribu.

Kwenye "Bati" aliniita mimi. Nilipiga sawasawa. Watu walipiga makofi ya kawaida.

Nimempigia simu mke wangu nimweleze. Ramla amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba Mounira, uko sawa na muke mukubwa yenye bwana yake anaoa wa pili. Unamuhesabia mwenzako hata nyama ya mu sahani."

Nimekata simu.

Jumatano, 4 Desemba

Hatukufanya mazoezi. Mvua ikipiga mabati ya depo, hata drams hazisikiki.

Jumapili, 8 Desemba

Onyesho katika baa moja ya Ruashi, mtaani kwetu. Abigaëlle amemwita Gradi mara tatu, mimi mara moja. Jirani yangu, mtu niliyemjua tangu utotoni, ameniuliza: "Ule mutoto wenu wa guitare nyekundu ni nani?" Wenu!

Alhamisi, 19 Desemba

Nimerudi nyumbani nikamkuta Gradi kibarazani kwangu na bakuli la bowa, uyoga wa mvua hizi, ameuokota mwenyewe huko mashambani ili amletee Ramla. Mke wangu! Walikuwa wanaongea na kucheka kama watu waliozaliwa nyumba moja. Nilipoingia wakanyamaza, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Ramla ameupika na karanga. Ulikuwa mtamu sana. Nimeula huku nimenuna.

"Iko mutoto muzuri," Ramla akasema.

"Mutoto muzuri anaenda kwa mama yake."

"Mama yake alikufaka, Baba Mounira. Haujamuuliza?"

Sikumwuliza.

Jumatano, 1 Januari

Mwaka mpya. Radi imepiga, umeme hakuna, hali ya hewa na roho yangu ni kitu kimoja.

Jumapili, 19 Januari

Kucha ya Gradi imepasuka mpaka kwenye nyama. Amefunga plasta, akaendelea kuparura "Bati" kwenye kona yake, uso umekunjamana kwa maumivu. Bado kuku, bado sufuria. Abigaëlle amemwambia apumzike. "Apana, yaya. Vieux alisema njo namna yake."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika hapa shingoni. Halafu Katungu akampa kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, alichokuwa anakula mwenyewe, akampangusa na jasho, na maneno yangu yakarudi chini. Mimi nilipokatika kidole mwaka juzi, Katungu aliniuliza tu kama nitaweza kupiga Jumamosi.

Jumatatu, 10 Februari, njiani tukitoka Kolwezi

Niandike yote, hata kama mkono hautaki. Niko kiti cha nyuma, mvua inapiga dirisha, wenzangu wanajifanya wamelala.

Jana mchana tulipiga kwenye ukumbi mkubwa wa Kolwezi, umejaa hadi milangoni. Saa tisa mbingu zikafunga, ndani kukawa giza, jenereta inanguruma nyuma na taa mbili tu zinawaka. Abigaëlle alikuwa na sauti ya ajabu. Tukafika kwenye "Bati". Juu ya paa mvua ya kweli ilikuwa inaanza, nami nikasema moyoni, leo ni yangu, leo hata Mungu ananisindikiza.

"Shafi, sema!"

Nikasogea mbele. Tone la kwanza. La pili. La tatu, uzi wa nne ukakatika, ukanichapa shavuni. Nyuzi zangu za akiba zilikuwa ndani ya soksi, soksi chini ya kiti cha gari, gari ng'ambo ya uwanja ndani ya mvua. Nilizificha vizuri mno. Nilisimama mbele ya watu wote na gitaa lisilo na mvua, Katungu anazungusha ngoma akiningoja, mara moja, mara mbili.

Gradi akaja. Akalivua gitaa lake jekundu, akanivika shingoni. "Kamata, vieux." Akachukua langu, akarudi nyuma gizani.

Nilifikiri, nitafanya nini na gitaa la kawaida? Nikagusa uzi wa nne. Ulikuwa mwembamba. Umekazwa juu, sawasawa kabisa, kama nilivyoukaza mwenyewe.

Sikupata muda wa kushangaa. Nilipiga. Sijawahi kupiga vile tangu nizaliwe. Mvua ya juu na mvua ya mkononi zikawa moja, watu wakapanda juu ya viti, na nilipotia tone la mwisho ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikasikia maji yanavyotiririka nje. Abigaëlle alikuwa ameinama kurekebisha waya wa maikrofoni. Akainuka, katika giza lile akaona gitaa jekundu liko mbele, akapaza sauti kwa furaha: "Gradi! Kolwezi, ni Gradi!"

Gra-di, Gra-di, Gra-di. Ukumbi mzima. Nilisimama pale namwagiwa jina la mtu mwingine.

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba Gradi alikimbilia maikrofoni ya Léonard. "Apana! Munisikie! Ile ni vieux Shafi. Bati ni ya yeye. Mumuite yeye!" Wakaniita. Waliniita kwa adabu, kama watoto wanaoambiwa wamsalimie mjomba.

Baadaye nilimshika mkono pembeni ya gari.

"Uliyua ile ya uzi tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, vieux. Uzi yako ya ine inangaraka ku mwangaza, zingine apana."

"Na ile ya kucha?"

Akatazama chini. "Ulisema na kucha."

"Ulijiumiza myezi mbili! Juu ya nini haukusema unayua?"

"Uliificha, vieux. Mama Mounira aliniambia, ile siku ya bowa, asema ile ni kintu ya baba yako. Nilikuwa nangoya unipatie."

"Na leo? Mbona uliitia kwako?"

"Asubui niliona yako iko na kutu. Nikasema, kama inakatika, utapigia nini?"

Nilitaka kumshukuru, mdomo ukakataa. Nilimwonea wivu vidole, nikamwonea wivu umri, nikamwonea wivu jina linaloimbika. Sasa ninamwonea wivu hata moyo. Vidole vyake ningeweza kuvipita kwa mazoezi, lakini moyo ule sijui unafanyiwa mazoezi depo gani. Leo asubuhi tumepanda gari, na sasa yeye analala mbele yangu, kichwa kinagonga dirisha kila tukiingia shimoni.

Jumanne, 11 Februari

Nimemuuliza Katungu kama naye alijua habari ya uzi wangu.

"Yaya, bote tunayua. Hata Adrien anayua, na yeye anauzaka maharage."

Jumatano, 26 Februari

Mvua. Sikwenda mazoezini, nimesema nina malaria. Sina malaria.

Jumamosi, 1 Machi

Gradi ameniletea dawa ya malaria.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zinapungua. Abigaëlle amekuja nyumbani peke yake, amekaa kwenye kiti cha baba, akanywa munkoyo wa Ramla vikombe viwili kabla ya kusema kilichomleta.

"Miye nikichagula, mumoja atanichukia. Weye njo mukubwa, yaya Shafi. Kitwe ni weye ao Gradi, useme weye. Kiisha Karavia, wiki yenye inakuya, uniambie."

Nimemsindikiza mpaka barabarani miguu haigusi chini. Nimepewa kisu na mpini. Nimeshaamua: ninakwenda mimi. Nani wa kunilaumu? Gradi ana miaka ishirini na mbili, Kitwe haihami.

Lakini sitaki mtu aseme nimemwonea. Kwa hiyo nimepata wazo, na ninalipenda. Pale Karavia, kwenye onyesho letu la Jumamosi, Abigaëlle akiniita kwenye "Bati", nitarudi nyuma nimwachie Gradi apige, wazi, na uzi wake mwembamba, mbele ya Lubumbashi yote. Aliyeukaza uzi si lazima awe anajua kuunyeshesha mvua. Mimi nimekaa na mvua ile miaka ishirini. Watu wasikie tofauti kwa masikio yao, kisha nitangaze.

Ramla amenitazama ninavyocheka peke yangu. "Kuna nini?"

"Hakuna."

"Baba Mounira, ile si kicheko ya muntu muzuri."

Jumamosi, 22 Machi

Karavia, mchana, jua baada ya wiki nzima ya mawingu. Familia zimekaa kwenye viti vya plastiki, nyama inachomwa, watoto wanakimbizana mpaka chini ya spika. Tukapiga vizuri. Ikafika "Bati".

"Shafi, sema!"

Nikarudi hatua nyuma, nikamnyooshea Gradi mkono. Akatikisa kichwa. Nikamsogelea sikioni. "Cheza. Na uzi yako."

"Vieux, apana..."

"Nasema cheza!"

Macho yake yalijaa, yule mjinga. Alifikiri ninampa.

Akapiga. Nilikaa nimetega sikio kama mama mkwe anayeonja mboga ya mkwewe. Tone la kwanza, sawa. La pili, sawa. Nikangoja ajikwae pale mvua inapomwagika, maana pale ndipo kila mtu anapokimbia. Hakukimbia. Aliichelewesha. Mimi miaka yote nimepiga mvua inayokuja kwa fujo, yeye akapiga mvua inayotoka mbali, unaisikia kwenye mabati ya jirani, kisha ya jirani wa karibu, kisha yako. Mwanamke mmoja mbele aliinua uso kutazama mbingu. Jua lilikuwa linawaka.

Ameipiga vizuri kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu inauma, na sitaki kesho nijidanganye kwamba nilisikia vibaya.

Kisha akafika mwishoni, kwenye ule ukimya. Akanyamaza. Nikangoja tone. Hakulipiga. Aligeuka akanitazama, mkono ameuinua kwenye nyuzi, haugusi. Nikaelewa ameniachia. Nikalipiga mimi, kwenye gitaa langu, tone moja, na makofi yalipoanza sikujua ni ya nani.

Tukiwa tunakunja waya Abigaëlle akanijia. "Alors, yaya? Nani?"

Nilikuwa na jina tayari tangu wiki iliyopita. Nilifungua mdomo nilitaje.

"Gradi," nikasema.

Hata mimi nilishtuka. Nilitaka kulirudisha, lakini alikuwa ameshanikumbatia, amekwenda kuwaambia wengine, na Katungu anapiga kelele. Nikaendelea kukunja waya. Sijui kama ni mimi niliyesema au ni ile mvua yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Wameondoka asubuhi kwa gari la Adrien. Nimejikaza kisabuni, nimepunga mkono. Nimewaombea safari njema na, kidogo tu, pancha.

Jumamosi, 12 Aprili

Kavu. Ramla ananika nguo za msimu mzima.

Abigaëlle ametuma video ya onyesho la leo mchana. Wanapiga tena kesho, siku ya mwisho. Nimeitazama, simu imeegemea cherehani ya baba. Jukwaa kubwa, watu mpaka ukutani. Fonderie, watu wanne, mimi simo. Nilifikiri kutazama kutoka mbali kutapunguza maumivu. Wapi. Wivu umenishika kifua palepale, mbichi, kama wa siku ya kwanza.

"Gradi, sema!"

Nilikuwa natafuta kosa. Sikulipata. Mvua ikaja kutoka mbali, ikamwagika, ikapita. Ukaja ukimya. Gradi akainua mkono kwenye nyuzi, akageuka kulia, upande ninaosimama mimi. Pale palikuwa na spika tu. Akaitazama spika. Kitwe nzima inangoja, na yeye ameinua mkono tu, mpaka Katungu akaona aibu akafunga wimbo kwa sahani za drams.

Nimeruka nikagonga meza. Wimbo wangu, uzi wa baba yangu, Kitwe, bila mwisho! Nimempigia hapohapo.

"We Gradi! Tone ya mwisho iko wapi?"

"Ile ni ya weye, vieux." Kelele za watu nyuma yake, ilibidi apaze sauti. "Zingine nilicheza sababu ulisema cheza. Lakini ile haukunipatia."

Laini ikakatika. Nimekaa na simu mkononi. Ramla alisimama mlangoni na beseni la nguo, hakuniambia kitu, na kwa Ramla hiyo ni hotuba.

Nikabonyeza, nikamtumia sauti: "Gradi, kesho uipige yote. Na ile ya mwisho. Nimekupatia."

Nimetuma haraka, kabla sijabadili mawazo.